Mbona Mimi Simo?

Mama alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, ungo wa mchele mapajani. Spika ndogo ya Bluetooth nilikuwa nimeiweka dirishani, karibu na mahali anapopenda kukaa jioni. Wimbo ulikuwa unaishia: fidla zimeshuka, dumbaki limebaki peke yake, kisha kimya. Mkono wa mama ukasimama juu ya mchele. Akawa anasubiri.

Wimbo wa pili ukaanza.

"Rudisha," akaniambia.

Nikarudisha. Fidla zikashuka, dumbaki, kimya. Mkono wake bado umesimama. Wimbo wa pili ukaanza tena.

"Mbona mimi simo?"

Sikumwelewa. Nikamuuliza, umo vipi mama, hii ni taarabu. Akanieleza taratibu, kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila aliyelelewa nyumba ile angepaswa kulijua. Wimbo huu marehemu baba aliurekodi redioni, kwetu Wete, Pemba, usiku. Na mwisho wake, kabla baba hajazima, yeye mama anasikika kutoka chumba cha pili: "Punguza sauti, mtoto kalala."

Mtoto huyo ni mimi.

Leo ni wiki ya saba tangu jioni ile na swali lake sijaweza kuliweka chini.

## Kanda 31

Baba alikuwa fundi cherehani. Redio kaseti yake, ya aina ambayo maikrofoni yake hunasa pia sauti za chumbani wakati inarekodi redio, ilikaa juu ya meza ya kukatia nguo, na taarabu ikianza redioni vidole vyake viwili vilijua pa kwenda: kitufe cha kuchezea na kile chekundu cha kurekodia, vyote kwa pamoja. Hakurekodi kwa biashara wala kwa kumbukumbu ya taifa. Alirekodi kwa sababu wimbo ukipita redioni umepita, na hujui utapigwa tena lini.

Alipofariki, Mungu amrehemu, aliacha kanda 31. Kila moja ina kikaratasi chenye majina ya nyimbo, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wino wa buluu, mwandiko wa mtu aliyekwenda chuo cha Kurani kabla hajaijua skuli. Mwaka juzi nilizichukua kutoka Wete, nikazileta Unguja, nikazihamishia kwenye kompyuta, isipokuwa moja nitakayoieleza mwisho.

Kazi hiyo haina njia ya mkato. Utepe wa kanda hupita kwenye hedi, kile kichuma cha redio kinachosoma sauti, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, na kanda ya dakika 60 itataka dakika 60 za maisha yako, hata uwe na kompyuta ya namna gani. Nilichomeka waya kwenye tundu la hedifoni la redio, upande wa pili kwenye kompyuta, nikafungua Audacity, ambayo ni programu ya bure, nikakaa nazo usiku baada ya usiku. Kila dakika ilikula kama MB 10. Upande mmoja wa kanda, MB 300. Kompyuta yangu ikajaa kabla sijafika nusu.

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka kulisema kosa langu kabla sijafika kwenye la mwingine.

Nilikata kila upande vipande vipande, wimbo mmoja faili moja. Na nilikata kwa macho. Programu inakuchorea sauti kama milima na mabonde. Bonde ni kimya, basi unakata pale bondeni, unasonga mbele. Sikuwa nikisikiliza. Nikavigeuza vipande kuwa MP3, nikafuta mafaili makubwa ili nipate nafasi, nikazipandisha MP3 zote kwenye maktaba ya huduma ya muziki ninayoilipia kila mwezi. Siku nilipoziona zimejipanga zote, majina na picha, nikazifuta na hizo kwenye kompyuta. Kanda nikazirudisha Wete.

"Usihofu, zipo kwenye wingu," nilimwambia dada.

## Kwa nini nilitaka ziwe pamoja

Familia yetu imekaa mahali patatu. Mama yuko kwangu, Unguja. Dada amebaki Wete katika nyumba ya baba. Kaka yuko Muscat mwaka wa kumi na moja huu. Kanda moja haiwezi kuwa mahali patatu.

Na mama hataki habari ya kufungua programu hii kwa nyimbo za dukani na ile kwa nyimbo za nyumbani. Anataka Bi Kidude, kisha Culture Musical Club, kisha kanda ya baba, kisha qasida, zifuatane kama zilivyokuwa zikifuatana redioni. Huduma ile ilinipa hilo. Maktaba moja, simu yoyote, mafaili yetu yamekaa bega kwa bega na muziki wa dunia nzima. Sikutafuta kingine. Kwa miezi nilijiona nimefanya jambo kubwa kwa watu wangu, na sehemu yake ilikuwa kweli: dada alianza kunipigia kuniambia leo amesikiliza kanda gani wakati akipika.

Ndiyo maana swali la mama liliniuma pale pale.

## Mtu wa mlangoni

Usiku ule mama alipolala nilifungua kompyuta. Kwenye orodha ya nyimbo kuna safu ambayo sikuwahi kuijali, inayoonyesha hali ya kila faili. Nyingi zilikuwa zimeandikiwa kwamba zimepandishwa. Chache, nilizihesabu zikawa 23, zilikuwa zimeandikiwa neno jingine: zimelinganishwa.

Wimbo wa mama ulikuwa kwenye hizo 23.

Kulinganisha si jambo jipya wala si la kampuni moja. Apple walianza kuuza huduma ya namna hiyo, iTunes Match, mwishoni mwa 2011 kule Marekani, na mwaka uliofuata Google na Amazon nao wakawa na ya kwao. Maana yake ni hii. Faili lako likifika mlangoni, kabla halijapokelewa, kuna mtu wa mlangoni anayeliangalia uso. Anachota vilele vya sauti, wapi imepanda, kwa kiasi gani, baada ya muda gani, anapata kama alama ya kidole. Kisha anatazama ghalani: tunao wimbo wenye alama hii? Kama upo, halipokei lako. Anakuandikia jina lako kwenye nakala yao. Kwao ni faida, hawahitaji kuweka nakala milioni za wimbo mmoja. Kwako ni faida pia, hulipii bando la kupandisha, na unapata sauti safi isiyo na mchakacho wa kanda.

Nilisoma hayo mara mbili nikaelewa kilichotokea. Wimbo ule alioucheza mtangazaji redioni usiku wa mwaka 1991 ulitoka kwenye rekodi iliyokwisha kutolewa, na rekodi hiyo hiyo, miaka mingi baadaye, imeingia ghalani kwao. Mtu wa mlangoni hakukosea. Mwimbaji ni yule yule, fidla ni zile zile, pumzi ya katikati ni ile ile. Sekunde nne za mwisho, sauti ya mwanamke kutoka chumba cha pili, hazikutosha kumfanya asite.

Alitupa nakala bora kuliko yetu.

Nimelifikiria sana neno hilo, bora. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay kurekodiwa na kampuni ya santuri ya HMV, sauti yake ikarudi ndani ya santuri. Santuri ikinunuliwa na nyumba kumi, nyumba zote kumi zimepata Siti yule yule. Ndiyo kazi ya santuri, na mwenye kuazima ya jirani hajapungukiwa na kitu. Mtu wa mlangoni amelelewa na santuri. Kwake wimbo ni wimbo, na ulio safi zaidi unashinda. Lakini kanda ya baba haikuwa santuri. Ilikuwa ni chumba. Redio iko mezani, kinasa sauti kimewashwa, na kila kilichokuwamo kimeingia: mtangazaji akimalizia sentensi, mvua kwenye mabati, jirani anabisha hodi, mama analaza mtoto.

Watu wengi wana wimbo ule. Usiku ule ni wetu peke yetu.

## Betri za juani

Kesho yake nikafanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo. Nikakaa na hedifoni, nikasikiliza zile zilizopandishwa, moja baada ya moja, nikitaka kujua kwa nini hizi mtu wa mlangoni aliziacha zipite.

Za harusini zilipita, hilo halina ajabu, hakuna ghala lenye harusi ya jirani yetu wa Wete. Lakini kulikuwa na nyimbo za redioni pia, maarufu, ambazo najua kabisa zipo kwenye huduma ile kwa sababu nilizitafuta nikazipata. Kwa nini hazikulinganishwa?

Nikaziweka pamoja, ya kwao na ya kwetu. Ya kwetu ilikuwa inakimbia. Sauti ya mwimbaji imepanda juu, nyembamba, kama ya msichana, na wimbo unakwisha mapema kuliko wa kwao.

Hapo nikaukumbuka ukuta wa nyumba yetu. Juu yake, kila siku ya jua, palikuwa na betri kubwa zimepangwa mstari. Redio ya baba ilitumia betri, na zikichoka alizianika juani ili zipate nguvu kidogo ya kumalizia wiki. Umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka bara ulifika Pemba mwaka 2010. Kabla ya hapo ulikuwa wa mashine ya dizeli, kwa walio nao, na wenyewe ulikuwa wa kuja na kuondoka. Betri ikichoka mota inakwenda polepole wakati wa kurekodi. Ukija kuicheza kanda hiyo kwenye redio yenye nguvu kamili, kila kitu kinakwenda mbio na sauti inapanda.

Na alama ya kidole inapotea. Vilele havikai tena mahali pake, mtu wa mlangoni anatazama ghalani hapati mwenzake, anapokea faili kama lilivyo.

Nyimbo ambazo baba alizirekodi vizuri, siku alizonunua betri mpya, ndizo zilizopotea. Zile za betri za juani zimebaki, pamoja na kila kikohozi chake.

Nilitoka nje nikakaa barazani. Sikuweza kuendelea siku ile.

## Ningetumia huduma nyingine?

Rafiki yangu anayefanya kazi za kompyuta alinishauri nihame. Tuliongea sana Forodhani, jioni mbili tatu, na nitayapitia haraka aliyonieleza kwa sababu huenda yakamfaa mtu. YouTube Music inakuruhusu kupandisha mafaili yako mpaka 100,000, na yanakaa kwenye akaunti yako, huyaoni ila wewe. Spotify haipokei mafaili kabisa: inasoma yale yaliyomo ndani ya kifaa chako na kuyaonyesha pamoja na ya kwao, lakini hayaondoki kwako. Wengine wanakodi nafasi ya kawaida ya kuhifadhia mafaili, kisha wanatafuta programu ya kuyachezea.

Nilimuuliza swali moja: yatakaa?

Akaniambia habari ya Google Play Music. Watu walikuwa wamepandisha huko mpaka mafaili 50,000 kila mmoja. Mwaka 2020 Google wakaifunga. Waliwapa watu njia ya kuhamia YouTube Music, na ilikuwa njia rahisi, haki isemwe. Lakini ilipofika Februari 2021, ambaye hakuhamisha, vyake vilifutwa. Nikamfikiria mama angekuwa peke yake, barua pepe ya onyo imekwenda kwenye anwani ambayo hajaifungua tangu siku aliponunua simu.

Na mimi nilikwisha kuonywa mapema, sikusikia. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania nzima ikakaa na mtandao wa kubahatisha. Mama siku ile alitaka kanda ya baba. Niliishika simu mkononi, majina yote ya nyimbo yapo, nabonyeza, kiduara kinazunguka tu. Kanda zenyewe zilikuwa Wete, ng'ambo ya maji mengine. Nikamwambia tusubiri mtandao urudi, na mtandao uliporudi nikasahau.

## Kanda namba 12

Nilikwenda Wete Alhamisi. Msimu wa karafuu umeanza. Ukishashuka Mkoani harufu inakupokea, na njia nzima majamvi yametandazwa, karafuu mbichi na zilizokauka, watoto wanazigeuza kwa miguu. Dada alinipokea mlangoni. Nilimwambia nimekuja kwa ajili ya kanda, akanitazama, akasema, "Si ulisema zipo kwenye wingu?"

Nilimweleza. Hakunilaumu, akaenda kulitoa kasha.

Namba 12 niliijua kwa kikaratasi. Nilipoitazama kwa karibu moyo ukashuka. Kile kisponji kidogo kinachoukandamiza utepe dhidi ya hedi kilikuwa kimebanduka, kimelala pembeni ndani ya plastiki, na gundi yake imekuwa unga. Bila hicho utepe haugusi hedi sawasawa, sauti inakuja kama imefunikwa na mto. Na ukingoni mwa utepe kulikuwa na weupe mwembamba wa ukungu.

Dada akaleta bisibisi ndogo ya mashine ya kushonea, ile ile ya baba. Kanda zile za zamani zimefungwa kwa skrubu tano, si kwa gundi, kwa hiyo zinafunguka. Nilizitoa skrubu moja moja nikaziweka kwenye kisosi. Nikakitoa kisponji kizima kwenye kanda mpya iliyokuwa haina kitu, nikakihamisha. Ukungu niliufuta kwa pamba kavu, nikizungusha utepe kwa kalamu, polepole, nikipumzika kila nikihisi unakaza. Dada alishika taa ya simu. Hatukuongea. Kazi ile ilituchukua kutoka baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi.

Tukaswali kwanza. Kisha nikaitia kanda kwenye redio, kompyuta imeshaunganishwa, rekodi imeshawashwa.

Mtangazaji. Fidla. Mwimbaji, kwa sauti yake ya kweli, betri zilikuwa mpya. Dakika saba. Fidla zikashuka, dumbaki likabaki peke yake, kimya, na kutoka mbali, kama kutoka upande wa pili wa pazia:

"Punguza sauti, mtoto kalala."

Na hapo hapo, karibu kabisa, karibu kuliko mwimbaji, karibu mpaka pumzi inasikika:

"Haya."

Kisha kitufe.

Mama hakuniambia habari ya neno hilo. Nadhani hakulijua; yeye alikuwa chumba cha pili. Baba alikuwa ameinamia redio, mdomo wake kiganja kimoja kutoka kwenye kinasa sauti, anajibu kwa sauti ya chini ili mtoto asiamke. Sisi watoto wake hatukuwa na sauti yake popote. Picha tunazo nne. Sauti hatukuwa nayo, au tulidhani hatuna.

Dada alikaa chini sakafuni. Nikairudisha mara moja tu, kwa kuiogopea kanda.

## Nimeacha kukata

Tangu siku ile nimebadilisha namna ninavyofanya, na ningependa kila mwenye kasha la kanda nyumbani kwake alisikie hili moja kwanza: usikate.

Upande mzima wa kanda ni faili moja. Dakika 30 kama baba alivyoziacha, pamoja na mtangazaji, pamoja na mianya, pamoja na kitufe. Nilidhani nitasumbuka kutafuta wimbo humo ndani, na kweli nasumbuka kidogo. Lakini nimegundua kwamba mpangilio nao ulikuwa wake. Baba alikuwa akingoja, pengine wiki mbili, wimbo kwa wimbo, mpaka upande ujae. Nilipovikata vipande nilikuwa nimeitupa subira yake.

Na kuna faida ya pili. Upande mzima haupati mwenzake ghalani. Nimejaribu na kanda sita mpaka sasa, zote zimepokelewa kama zilivyo. Mtu wa mlangoni anatafuta wimbo, naye analetewa usiku mzima.

Kabla ya kupandisha chochote, faili kubwa linakaa kwanza kwenye diski mbili. Moja iko kwangu Unguja, moja iko kabatini kwa dada. Nimezigeuza kuwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa, mara nyingi kama nusu, na haipotezi kitu. Cha kwenye wingu ni cha kusikilizia. Nilikuwa nimekifanya kuwa kasha, na hakikutengenezwa kuwa kasha.

Majina nayo yamenisumbua, na sijayamaliza. Zile lebo zinazofichwa ndani ya MP3 ziliwekewa mfumo mwaka 1996, na mwanzoni jina la wimbo lilipewa herufi 30 tu, msanii 30, maelezo 30. Mifumo ya sasa ina nafasi zaidi, lakini vyumba ni vile vile: wimbo, msanii, albamu, mwaka. Taarabu haienei humo. Msanii ni nani, aliyeimba, aliyetunga mashairi, au kikundi? Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanza mwaka 1905, kwenye maktaba yangu kilikuwa wasanii watatu tofauti kwa sababu ya tahajia tatu. Na mtu anayesema kutoka chumba cha pili anaandikwa wapi?

Nimeamua kuandika hivi kwenye sehemu ya msanii: jina la baba. Ni yeye aliyerekodi. Kwenye albamu, namba ya kanda. Kwenye maelezo naandika kila sauti ya nyumbani na dakika inaposikika. Programu za kusimamia maktaba zinaniambia nimekosea, zinapendekeza kunisahihishia. Nazikatalia moja moja.

## Kaka yako kaamka

Mama niliposhusha mizigo tu aliniuliza, "Umenirudisha?"

Nikamwekea. Safari hii sikumtazama mkono. Nilitazama uso wake alipofika pale mwisho, alipojisikia mwenyewe ana miaka thelathini, na nusu sekunde baadaye alipolisikia lile "Haya". Alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Alikaa hivyo mpaka upande wa kanda ulipokwisha wote.

Sasa anausikiliza kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri. Akaunti yetu ni moja na inakubali simu moja tu kwa wakati, kwa hiyo kuna siku muziki unakatika katikati, kimya, bila sababu. Mwanzoni nilitaka kulipia ile ya familia nimalizane na usumbufu. Mama amenikataza. Ukikatika tu anatabasamu, anasema, "Kaka yako kaamka."

Muscat wako saa moja mbele yetu. Amefungua simu yake, naye anamsikiliza baba.

## Kanda namba 19

Kuna moja ambayo tangu mwanzo sijaihamisha.

Kikaratasi chake hakina majina ya nyimbo, kina jina la shangazi na mwaka. Ni ya harusi yake, lakini si ya taarabu ya ukumbini. Ni ya ndani, ya wanawake peke yao, siku bibi harusi anaposingwa, milango imefungwa. Mmoja wao aliomba redio ya baba, akaingia nayo. Mama aliniona nimeishika akaniambia hiyo niiache.

Nilimwambia mafaili yetu hayaonekani na mtu. Ni kweli, ndivyo huduma zinavyosema na ndivyo zilivyo. Akaniuliza kaka yangu ataiona? Nikasema ndiyo, kwa sababu akaunti ni moja. Na aliyekaa na kaka yako kwenye gari? Na huyo mtu wako wa mlangoni, anayezitazama zote kabla hazijaingia?

Sikuwa na jibu la kumpa. Mashine inayochota vilele vya sauti haisikilizi kama watu wasikilizavyo, lakini wale wanawake hawakuimba kwa ajili ya mashine, wala hawakuimba kwa ajili yangu. Baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki, na aliyebaki kuwasemea ni yeye. Upande wa pili, najua ukungu haungoji. Nilimwambia hilo pia. Utepe ule una miaka zaidi ya thelathini, na kisponji chake nimekiona kimeanza kulegea.

Nimemwonyesha dada kwa simu ya video namna ya kuchomeka waya, kuwasha rekodi, kuweka hedifoni ili chumba kisisikie. Ameshika haraka. Amesema atavuka kuja Unguja karafuu zikishauzwa, na wao wawili ndio watakaoamua.

Kwa sasa kanda ipo kwenye sanduku la nguo la mama, katikati ya kanga zake, na ufunguo anao yeye.